Msitu umejaa sauti lakini ndege siwaoni. Je, ni macho yangu?

Swali

“Mtaalamu, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi hapa Kisauni, umri wangu miaka 61. Mwanangu ameniletea zawadi ya darubini ndogo iliyoandikwa 12x25. Mwezi wa saba nikamchukua mpwa wangu, tukaondoka Mombasa saa 12 asubuhi kwa matatu ya Malindi, tukashuka karibu na Gede na kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke yapata saa 3:30. Tulitembea mpaka saa 7 mchana. Sauti za ndege zilitoka kila upande, lakini niliowaona ni watatu tu: hondohondo aliyepita juu, kigogota, na mmoja wa rangi ya majani makavu nisiyemjua. Ndani ya darubini kulikuwa giza na kila kitu kilitikisika. Mara mbili tulisikia kitu kikikimbia kwenye majani, hatukukiona. Mpwa wangu asema macho yangu yamechoka. Jirani asema msitu umekatwa na ndege wamehama. Kijana wa duka la simu amenishauri nipakue sauti za ndege niwaite kwa spika. Hamu yangu kubwa ilikuwa kumwona yule bundi mdogo wa Sokoke. Nani mkweli? Ninunue darubini yenye nguvu zaidi? Na je, naweza kumpeleka mjukuu wangu wa miaka minane?”

Jibu

Waaleikum salaam, mwalimu. Nikutoe wasiwasi mapema: ndege watatu kwa mtu aliyeingia Arabuko saa 3:30 bila mwongozaji si matokeo ya aibu. Wako waliobeba vifaa vya bei ya gari wakatoka na wawili. Katika washauri wako watatu, mpwa wako ndiye aliyekaribia, na hata yeye kwa sehemu ndogo tu. Kilichokuangusha ni saa uliyoingia, kule kutembea bila kusimama, na zawadi ya mwanao, ambayo ni nzuri kwa kutazamia mpira uwanjani lakini haifai kivulini.

Jirani yako ana haki ya kulalamika. Muhuhu umekatwa sana kwa wizi ukaishia kwenye vinyago, na mbambakofi ukaishia kwenye milango na vitanda vyetu. Lakini kusema ndege wamehama si kweli. Msitu ule una kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa kuliko yote ya namna yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndege walioorodheshwa humo wanapita aina 230. Tena wale walio adimu hawana pa kuhamia. Kwera wa Kilifi haonekani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Kuna miezi anatoweka Arabuko kabisa, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua anakwenda kuzalia wapi, mpaka 2013 viota vyake vilipopatikana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng’ambo ya mto Sabaki. Bundi wako mdogo naye hajulikani nje ya misitu michache ya pwani ya Kenya na miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Ndege wa namna hii msitu ukikatwa hawahami, wanakwisha. Kwa hiyo ukisikia sauti kila upande, shukuru: wenyewe wamo.

Sasa kwa nini hawaonekani? Mtu aliyezoea kutazama kunguru na mnana wa uani hudhani ndege akiwa karibu ataonekana. Msituni mambo ni mengine. Mwanga unapita kwenye matabaka ya majani na kufika chini umevunjikavunjika, doa la jua hapa, giza pale, na manyoya ya ndege wengi wa humo yamefuata ramani hiyo hiyo: mgongo wa kijani, kifua chenye madoa, tumbo la kijivu. Isitoshe, ndege wa msituni hukaa kimya bila kutikisika kwa muda mrefu kuliko vile mtu awezavyo kuvumilia kumtafuta. Chukua ndege aitwaye narina. Dume ana tumbo jekundu kama kanga mpya na mgongo wa kijani unaong’aa. Akikusikia unakuja, anageuka taratibu tawini, anakupa mgongo, anatulia. Anaweza kuwa mita kumi mbele yako na mlio wake wa chini, wa kujirudiarudia, ukakufanya utazame mti mwingine kabisa.

Hilo la sauti kupotosha lina sababu yake. Tunajua sauti inatoka wapi kwa sababu sikio moja huipokea kabla ya jingine kwa muda mdogo mno, na kwa nguvu zaidi kidogo. Msituni sauti hugonga mashina na majani, ikafika masikioni kutoka pande kadhaa kwa mpigo, na hesabu ya ubongo ikavurugika. Sauti nyembamba za juu ndizo humezwa upesi na majani, kwa hiyo ndege wengi wa chini ya msitu wana milio ya chini yenye kuvutwa, inayosafiri mbali. Ndiyo maana ulisikia wengi: baadhi yao walikuwa mbali kuliko ulivyofikiri. Dawa yake ni rahisi. Simama, fumba macho, geuza kichwa polepole kushoto na kulia mpaka sauti iwe sawa masikio yote mawili. Hapo pua yako inaelekea kwa ndege. Kisha sogea hatua mbili pembeni urudie, upate mstari wa pili. Mistari inapokutana ndipo pa kutazama. Na kwa kuwa umepita miaka 60, huenda milio ile myembamba sana, kama ya chozi wa Amani, huisikii tena hata akiwa juu yako. Hilo ni la umri na wala si ugonjwa. Mpe mpwa wako kazi ya masikio.

Kuhusu saa. Jua la kwetu huchomoza kati ya saa 12 na saa 12:30 asubuhi mwaka mzima. Saa mbili hivi baada ya hapo ndege wanakula, wanaimba na kugombea mipaka. Ikifika saa 3:30 joto limepanda, wadudu wamejificha, ndege nao wametulia kivulini. Wewe uliingia pazia likishuka. Tena mwezi wa saba ni kusi: upepo ukianza kuvuma asubuhi kila jani linatikisika, na jicho linalotegemea kuona kitu kimoja kikisogea linakosa la kushika. Kusi ina neema zake, nitazitaja, lakini ina alfajiri yake pia, na alfajiri hiyo huipati kwa kutoka Mombasa saa 12. Ama uondoke saa 9 usiku kwa gari la kukodi, ama ulale Gede au Watamu. Mimi ningelala. Ukifika umechoka hutasimama kwa subira, na subira ndiyo kazi yenyewe.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo lililokunyima zaidi. Ulitembea saa tatu na nusu. Ndege wengi wa msitu ule, hasa kwenye miti ya mrihi, huzunguka kwa misafara iliyochanganya aina nyingi. Wanaoongoza mara nyingi ni wale ndege weusi kwa weupe wenye vishungi na miduara ya rangi machoni, wa jenasi Prionops, ambao hupita kwa makelele ya kugongagonga midomo. Nyuma yao wanakuja mramba, zuwakulu, vigogota, shore, chozi, na vidogo vingine usivyoviona mpaka vikurukie usoni. Wanafuatana kwa faida mbili. Macho yakiwa mengi, kipanga huonekana mapema. Na anayerukaruka huku hufukuza wadudu, wakakamatwa na anayengoja kule. Mramba ni hodari wa biashara hiyo. Matokeo yake ni kwamba eka nyingi za msitu zinakuwa tupu kabisa kwa saa nzima, kisha mti mmoja unajaa ndege kumi na tano kwa dakika sita, halafu kimya tena. Msafara huo ni kama matatu: ukiondoka kituoni unatembea barabarani, itakupita ukiwa katikati.

Kwa hiyo chagua kituo. Mahali bora ni njia panda, au pale njia inapopita kwenye uwazi mdogo wenye jua la asubuhi upande mmoja. Simama au kaa, jua liwe mgongoni, ungoje nusu saa bila kuzungumza. Usitazame jani moja moja. Legeza macho uangalie mti mzima, ungoje kitu kitikisike kinyume cha upepo. Ukimwona ndege, usiteremshe macho kutafuta darubini. Macho yabaki pale pale juu yake, kidevu kisishuke, mikono ndiyo ipandishe darubini mpaka ije katikati ya macho na ndege. Wanaoanza karibu wote hutazama chini, hushika darubini, huinua, kisha huanza kutafuta upya kwenye majani elfu. Jizoeze nyumbani: kaa barazani, tazama nazi moja mnazini, pandisha darubini mpaka iikute nazi hiyo bila kuhangaika. Ukiweza kwa nazi, utaweza kwa ndege.

Na tazama chini pia. Yule wa rangi ya majani makavu nisingethubutu kumtaja bila kumwona, lakini kipimanjia wa Sokoke, mmoja wa ndege ambao watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, hutembea juu ya majani yaliyoanguka, ana michirizi kifuani, na akishtuliwa huruka tawi la karibu akakaa anakutazama. Mwezi wa saba yupo pia mkurugo mwenye madoa meusi kifuani, mgeni anayekuja na kusi na kurudi kabla ya kaskazi. Naye hupekua majani kivulini. Kile kilichokimbia mara mbili msikione, nashuku alikuwa sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu, mkubwa kama panya buku. Huyo ukimsikia simama papo hapo. Mara nyingi husita umbali mfupi, na kiuno chake cha manjano huwaka kwenye jua kabla hajatokomea.

Tuje kwenye darubini. Ile namba ya kwanza, 12, ni mara ngapi inakuza; ya pili, 25, ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaotoka kuingia jichoni: milimita 2 na kidogo. Unaweza kuuona mwenyewe. Inyooshe darubini mbele yako urefu wa mkono, ielekee mbinguni lakini mbali na jua, na utaona kitone cha mwanga katikati ya kila kioo. Kitone hicho ndicho chote unachopewa. Kivulini mboni ya mtu wa umri wako hufunguka kiasi cha milimita 4 hivi, kwa hiyo kifaa chako kinakupa karibu robo tu ya mwanga ambao jicho lingepokea. Giza uliloliona ni hesabu, wala si maradhi. Na kutikisika vilevile: inakuza ndege mara 12 na inakuza mtetemo wa mikono yako mara 12.

Kwa hiyo, usinunue yenye nguvu zaidi. Nunua yenye nguvu kidogo. 8x32 inakupa milimita 4, inakutosha, na ni nyepesi shingoni. 8x42 inatoa milimita 5 na kidogo, ni angavu alfajiri, lakini baada ya saa mbili utaihisi. Kwako ningeelekea 8x32, ingawa mpwa wako akiwa ndiye mbebaji hoja hiyo inapungua. Zile zenye kitufe cha kukuza na kupunguza uziache. Huwa na giza na upeo mwembamba. Kabla ya kulipa, simama mlangoni mwa duka utazame ndani penye giza, si nje barabarani, kwa maana barabarani kila darubini ni nzuri. Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka upande wa mbele uangalie nyuzi nyeupe kama utando: hiyo ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa lenzi pwani yetu, na kuisafisha huwa ghali kuliko kifaa. Ikiwa fedha ni kikwazo, hiyo 12x25 usiitupe. Ufukweni kwenye mwanga mkali itakufaa vizuri ukiegemeza viwiko.

Macho yenyewe sasa. Ikiwa miwani yako ni ya kusomea tu, ivue unapotumia darubini. Miwani ya kusomea huharibu umbali, na wengi hawalijui hilo. Ikiwa ni ya kuonea mbali, ivae, na ukunje vikombe vya mpira vya darubini ili jicho likaribie kioo. Kisha rekebisha kila jicho peke yake: ziba lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome kibao cha mbali vizuri, halafu ziba kushoto, na usiguse gurudumu, zungusha kile kipete cha kioo cha kulia mpaka jicho la kulia lisome vilevile. Darubini nyingi zinazolaumiwa hazijawahi kufanyiwa hivi hata siku moja.

Lakini kama baada ya hapo jicho moja linabaki na ukungu hata penye mwanga, au taa za magari usiku zinakutawanyikia, nenda ukapimwe. Kwa umri wako mtoto wa jicho ni wa kushukiwa na hutibika. Na ukiona ghafla vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, mimweko kama ya radi, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho, hilo ni la siku hiyo hiyo, usingoje kesho wala usiniandikie mimi.

Ushauri wa kijana wa simu ndio ulionitia hofu. Ukipiga sauti ya ndege kwa spika, dume aliye karibu anaamini mgeni ameingia kwenye himaya yake. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Mara moja, kwa sekunde chache, kwa ndege aliye wengi, sitasema ni dhambi, na waongozaji wengine hufanya hivyo kwa busara. Ila ndege adimu katika msitu unaotembelewa hupigiwa na kila mgeni, kila wiki. Huishia kuchoka, au kunyamaza asijibu tena hata sauti ya kweli. Bundi wa Sokoke usimpigie kamwe. Programu za kutambua sauti zinazosikiliza tu hazina ubaya, lakini majibu yake yachukue kama dokezo, kisha mtazame ndege mwenyewe.

Bundi huyo, kwanza, ulimtafuta mtaa usio wake. Upande wa Gede ni msitu mchanganyiko. Yeye hupenda udongo mwekundu wa ndani, kwenye vichaka vya miti ya jenasi Cynometra vilivyosongamana hata mtu hapiti wima. Urefu wake ni kama sentimita 16 na uzani kama gramu 50. Wako wa kijivu, wa hudhurungi na wa rangi ya kutu, na mchana hulala tawini chini tu, wakati mwingine wawili bega kwa bega, macho yamebaki nyufa. Unaweza kupita mita mbili ukadhani ni jani lililokauka. Njia ya pekee ya kumwona ni kumchukua mmoja wa waongozaji wa msitu, ambao wengi ni vijana na wazee wa vijiji vya kandokando, wanaojua jozi gani imelala wapi wiki hii. Tazama dakika chache, usisogeze tawi, usimulike mwanga wa kamera, rudini nyuma.

Mwongozaji ningemchukua hata kama humtaki bundi. Msitu una ndovu, na kwenye kichaka kizito ndovu haonekani mpaka muwe mmekaribiana mno. Njia zinafanana, anayezijua hukuokoa na kupotea. Panga naye siku moja kabla, mwambie unataka kusimama zaidi ya kutembea, na umtajie ndege wawili au watatu, usimpe orodha ya kitabu kizima. Vaa suruali ndefu na soksi juu yake kwa ajili ya kupe, na umuulize upupu uko wapi kabla hujaegemea chochote.

Mjukuu mpeleke, ila si huko kwanza. Mtoto wa miaka minane kumwambia anyamaze nusu saa kwenye kichaka ni kumfanya achukie ndege maisha yake yote. Mpeleke magofu ya Gede asubuhi mapema: njia ni pana, mibuyu na mikuyu ina hondohondo, kuna nafasi ya kumwona shorobo akiruka na mabawa yake mekundu kutoka mti hadi mti, na nyani na kima watamshughulisha pale ndege wanapokawia. Mchana teremkeni hori la Mida maji yakiwa yanakupwa, mtembee kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko. Huko ndege wako wazi matopeni, na ile 12x25 yako itafanya kazi. Mpe yeye aishike.